Picha ni Deni

Hotuba kwa kikundi cha vijana wapiga picha wa ridhaa, Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupiga picha na namna kulivyonijenga. Wengi wenu mnanijua kwa kazi inayonilisha, yaani uhasibu. Kamera ni ya ridhaa. Sijawahi kuitegemea kwa chakula, na nashukuru kwa hilo, kwa sababu asiyelipwa ana uhuru ambao hata mpiga picha mkubwa wa gazeti hanao: hakuna anayemwagiza apige nini. Lakini uhuru huo usipoongozwa unamwagika. Asiyeagizwa na mtu inabidi ajiagize mwenyewe, na leo nataka niwaambieni mimi nimejiagiza nini.

Nimejiagiza hivi: kila picha ninayompiga mtu ni deni langu kwake, na deni nisilojua nitalilipaje, silikopi. Ni hilo tu. Kwa hilo nimebadilika namna ninavyotumia Jumamosi zangu, pesa zangu, simu yangu, na namna ninavyozungumza na watu nisiowajua. Lina mahali lilipozaliwa, nako ni baharini.

Mnaijua pwani ya kusini-mashariki, kutoka Paje mpaka Jambiani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kule mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa kimebeba jasho la wanawake. Maji yakipwa unaona vijiti vimesimama safu kwa safu, kamba zimefungwa baina yake, na mwani umejishika kwenye kamba hizo. Wanawake wanatembea mbali sana kuufuata, na magunia yao kichwani. Wakifika wanakaa humo humo majini, wanafunga mbegu na kuvuna, miguu imezama na mgongo umeinama.

Mpiga picha akifika pale anatamani ule mwanga wa dhahabu wa jua linapochomoza au linapotua. Bahari, hata hivyo, ina saa zake. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena usiku kwenye saa kama hizo. Asubuhi hiyo jua limeshapanda, mchanga mweupe unakurudishia mwanga machoni, maji yanamemetuka, na nyuso za watu zimeingia kivulini chini ya kanga na kofia za ukindu. Ukifuata vitabu vya upigaji picha, hiyo ni saa ya kuifunga kamera ukanywe maji ya dafu. Kwa mkulima wa mwani ndiyo saa ya kazi, na hana nyingine.

Hapo palikuwa na uamuzi wa kufanya. Ningeweza kuwaomba wanawake wawili watatu waje alfajiri wasimame na magunia yao mbele ya kamera, na picha zingependeza. Zingekuwa picha za watu wasiofanya kazi. Nikaamua nijifunze kupiga kwenye jua la saa nne.

Vijana, hebu niwape ufundi wake, maana unapatikana kwa mazoezi tu. Kamera ikiuona mchanga mweupe na maji yanayong'aa hudhani mwanga umezidi, hivyo hupunguza, na uso mweusi uliomo ndani ya picha hugeuka kiza. Basi pima mwanga wa uso wenyewe, au ongeza mwanga kwa hatua moja hivi juu ya kile kamera inachokitaka, na maji ya nyuma yakiwa meupe kabisa yaache yawe meupe. Kisha shuka. Ukisimama juu ya mtu aliyekaa majini utapata picha ya kofia. Ukichuchumaa mpaka kiunoni kukaroa, ule mwanga unaorudishwa na mchanga unamwingia usoni kutoka chini na macho yake yanaonekana. Na ukiwa umechuchumaa mnazungumza mkitazamana. Kwangu mimi faida hii imekuwa kubwa kuliko ile ya mwanga.

Nalisisitiza hili la uso kwa sababu lina historia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapa maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi ikimkaa yeye vizuri, basi filamu ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi zilitoka hazina undani, macho na meno tu. Na inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu ikaboreshwa walikuwa wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Mtu akiniambia ufundi ni habari ya mashine peke yake, mimi namkumbusha hilo. Kuna mtu alikaa mahali akaamua uso wa nani uonekane. Mimi pia nikishika kamera naamua, kwa hiyo deni la kwanza ni uso wa mtu utoke kama ulivyo.

Sasa nije kwenye swali lililonifanya nianze kulipa.

Siku moja pale Jambiani, mama mmoja wa makamo tuliyekwisha salimiana naye salamu zetu zote, za nyumbani na za watoto na za afya, aliniuliza: "Mwanangu, mnapiga, mnapiga. Zinakwenda wapi?" Aliuliza kwa utulivu kabisa, bila lawama. Wageni wamekuwa wakimpiga picha kwa miaka mingi. Huenda uso wake umetundikwa kwenye kuta za nchi asizozijua hata jina, na nyumbani kwake ana picha ya kitambulisho tu.

Nilikwenda mjini nikazisafisha picha zake kwenye karatasi, saizi ya postikadi, nikazitia kwenye bahasha na bamvua lililofuata nikarudi nazo. Mama yule alifuta mikono kwenye kanga, kwanza viganja kisha ncha za vidole moja moja. Akaishika picha kwa pembe zake. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Mimi nilikuwa nasubiri atazame sura yake. Sura aliipita tu. Aliweka ukucha juu ya mwani uliokuwa mkononi mwake mle pichani akasema, "Ziangalie ncha hizi, zimepauka. Hapa ulikuwa ushaanza kuumwa. Na kamba hii hapa imelegea, ndiyo maana mwani umelala mchangani." Akamwita mwenzake aliyekuwa kamba ya pili, naye akaja na maji yakimchuruzika, wakainamia ile picha pamoja wakaanza kubishana shamba lile lilifungwa mbegu lini na kamba ile ni ya nani.

Ni kweli, mwani hupauka ncha ukichoshwa na joto la maji au mabadiliko ya chumvi, kisha hukatika na kuzolewa na maji. Picha ile nilikuwa nimekaa nayo kwenye kompyuta tangu bamvua lililopita, nimeikuza na kuifanyia kazi, na ncha zile kwangu zilikuwa rangi. Kwake zilikuwa habari ya msimu mzima: kilo zilizopotea, na ada ya skuli iliyobidi itafutwe pengine.

Tangu siku ile naamini picha ya mtu inaanza kukamilika inapomrudia mwenyewe. Wengi huzungumza juu ya kukua kama jambo la mtu na nafsi yake, mtu na daftari lake la malengo chumbani. Sikatai, malengo ninayo. Lakini nikitazama nyuma, kila nilipoongezeka kitu, kilikuwa mkononi mwa mtu niliyempelekea bahasha. Mimi ni mwenye haya tangu utotoni, na kupeleka picha kumenilazimisha kubisha hodi, kukaa kwenye baraza za watu, kunywa chai yao na kusikiliza.

Wala jambo hili si geni kwetu. Hapo Shangani, Barabara ya Kenyatta, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Waulizeni wazee waliomo humu ndani kupigwa picha kulikuwaje zama hizo. Uliazimia. Ulioga, ukavaa nguo ya Idi, ukaenda, ukakaa, ukalipa, ukarudi baada ya siku kuchukua. Mwisho wa yote picha ilikuwa yako, ikaingia kwenye albamu yako au ikatumwa kwa ndugu Mombasa, Dar es Salaam au Muscat. Mpiga picha alibaki na negativu, ile filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwake. Sisi tumeugeuza mpango ule: mpiga picha anabaki na kila kitu, na aliyepigwa anabaki na kumbukumbu ya mtu aliyempita na kamera.

Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Pazia lake la nyuma la mwanzo lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lile la mashada pembeni. Mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa na gharama. Lakini kabla ya picha hiyo moja kazi ilikuwa imekwisha fanyika yote: mteja ameamua atashika nini, saa ya mkononi itaonekana au haitaonekana, bega ligeuke wapi, kidevu kikae vipi. Wamekubaliana. Leo simu hainitozi hata senti nikibonyeza mara mia, na sitaki kuwadanganya kwamba uhaba wa filamu ulikuwa neema. Uliwanyima wengi picha kabisa. Ninachokichukua kwa Keïta ni yale makubaliano ya kabla, na hayo hayahitaji filamu. Unaweza kukubaliana na mtu ukiwa na simu ya bei ndogo kuliko zote dukani.

Na kuna mwanamke mmoja ambaye kila mpiga picha wa ridhaa anapaswa kumjua. Vivian Maier, mzaliwa wa New York mwaka 1926, alifanya kazi ya yaya, zaidi huko Chicago, kwa miaka kama 40. Siku zake za mapumziko, na hata akiwa na watoto aliokuwa akiwalea, alitembea mitaani na kamera ya Rolleiflex shingoni, ile unayoitazamia kwa juu na kuishika usawa wa tumbo. Mkanda mmoja wa filamu wa kamera hiyo unatoa picha 12. Aliacha negativu zaidi ya 100,000, na mikanda mingi sana haikuwahi hata kusafishwa. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa ghalani viliuzwa mnadani kwa sababu kodi haikulipwa. Alifariki mwaka 2009 kabla dunia haijamjua. Jicho lake ni la ajabu, nimejifunza kwake mengi, kwanza kabisa namna anavyowapa heshima watu wa kawaida barabarani. Wala simhukumu; maisha ya mtu aliyefanya kazi kwenye nyumba za wengine hayakuwa mepesi, na huenda kutazama kulimtosha. Lakini nikiziona zile nyuso, mzee aliyelala kwenye benchi, watoto wenye machozi, najiuliza ni wangapi walikufa bila kujua kwamba kuna mtu aliwaona vizuri namna ile. Mimi sitaki nife na watu wa Jambiani ndani ya diski ngumu.

Kwa hiyo, kwa kuwa ni mhasibu, nimefungua daftari la madeni. Daftari la kawaida la mistari. Safu ya kwanza jina la mtu kama alivyotaka liandikwe, ya pili mahali, ya tatu tarehe, ya nne picha ngapi, ya mwisho: imelipwa. Kila mwisho wa mwezi nalifungua kama ninavyofungua vitabu vya ofisini, natazama nani bado ananidai. Kuna kurasa zina raha, zote zimetiwa alama. Kuna mistari iliyokaa muda mrefu kwa sababu mtu amehama, na hapo nauliza kwa sheha, kwa majirani, msikitini, mpaka nipate pa kuipeleka.

Upo mstari mmoja nitausema. Mzee mmoja fundi wa ngalawa, niliyempiga picha akichonga, tezo lake la kuchongea mbao mkononi, maranda yamemjaa magotini. Nilipokwenda na bahasha nikakuta amekwisha zikwa. Nikaifikisha kwa wanawe. Hawakuwa na picha ya baba yao zaidi ya ile ya kitambulisho, ile ya kutazama mbele bila kusema neno. Hii ilimwonyesha kazini, midomo ameikaza kama alivyoikaza siku zote akipiga tezo. Mtoto wake mkubwa aliitazama akasema, "Ndivyo alivyokuwa." Hakuongeza. Katika safu ya mwisho niliandika kwamba imelipwa kwa warithi, kama sheria inavyotaka.

Nikirudi nyumbani ndipo ninapojitahidi zaidi, kwa sababu kuishi kwa kukusudia kunajulikana kwenye mambo madogo ya nyumba. Pesa niliyokuwa nimeitenga kwa lenzi mpya huenda kwenye kusafisha picha. Lenzi niliyonayo ni moja, ya milimita 50, na inanitosha kwa sababu inanilazimisha nimsogelee mtu, na huwezi kumsogelea mtu bila kumsalimu. Simu yangu nimeinyamazisha nikiwa matembezini na kamera. Picha ya mtu haiendi mtandaoni kabla haijafika kwake, na ya mtoto haiendi popote bila mzazi wake kuridhia. Akisema hapana, ni hapana, wala simbembelezi mara ya pili. Dini imetufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na nimeona kamera inavyoidhihirisha nia haraka: watu wanajua, kabla hujafungua mdomo, kama umekuja kuchukua au umekuja kukaa.

Nyuma ya kila picha naandika. Hili nimelirithi. Kwetu kuna picha ya bibi yangu ya studio, ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa mikatomikato kama ilivyokuwa mtindo. Mbele bibi amekaa, buibui limefunguliwa usoni, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua ya plastiki. Nyuma kuna muhuri wa studio uliofifia, na chini yake mwandiko wa babu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu: jina la bibi, mwezi, mwaka, na jina la mtu aliyekusudiwa kuipokea. Wino umeingia rangi ya kutu. Bila mwandiko ule, mimi na ndugu zangu tungekuwa tunabishana leo kama ni bibi au dadake, maana walifanana sana.

Mnakumbuka 25 Disemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la mwaka 1883, ambalo sote tulilipita kila siku tukielekea Forodhani. Siku zile watu walianza kupekua simu zao kutafuta picha. Zilikuwapo kwa maelfu, nyingi zikiwa za mtu amesimama mbele na jumba likichungulia mabegani kwake, bila tarehe, bila kujua ilipigwa upande gani. Picha ya mtu wa kawaida, ikiwa imeandikwa tarehe na mahali, inaweza kumsaidia fundi wa ukarabati kujua nguzo au roshani ilikuwaje mwaka fulani. Huo ni mchango ambao mpiga picha wa ridhaa anaweza kuutoa bila cheti na bila mshahara, kwa kalamu tu. Tumieni kalamu isiyopasua karatasi, na msiandike mahali pa uso.

Mama yangu hapendi kupigwa picha. Amekataa tangu nikiwa mdogo, na mimi kwa miaka mingi nimeliheshimu katazo lake. Mwaka jana nilimpelekea bahasha ya picha za mitaa yake ya utotoni, Malindi na Funguni, nilizozipiga kwa ajili yake tu: mlango wa nyumba waliyokuwa wakikaa, kisima, ngazi za msikiti. Alizipanga kitandani kwa utaratibu wake mwenyewe, kutoka nyumbani kwao mpaka chuoni alikosomea Kurani, akawa ananisimulia njia nzima, nani aliuza nini kwenye kona gani. Nilikuwa simjui mama yangu kwa upande ule. Uso wake sinao kwenye kamera mpaka leo, na uhusiano wetu umekua kwa picha ambazo yeye hamo.

Muda umenitupa mkono, basi nimalizie kwa shughuli yenyewe. Mwezi mpevu ujao, siku ya bamvua, tunakwenda Jambiani. Tuwe tumeshafika ufukweni kabla ya saa tatu, maana maji hayatatusubiri. Wenye majina kwenye daftari la kikundi, safisheni picha zenu wiki hii, msiache mpaka siku ya mwisho, na kila bahasha iwe na jina juu yake. Wageni mnaokuja mara ya kwanza, kamera ziacheni nyumbani. Tutakujulisheni kwa wenyeji, mtasaidia kubeba magunia, na safari ya pili mtapiga. Kina dada, chukueni viatu vya mpira, kuna miba ya baharini kule. Haya, maswali. Naona mkono umeshanyooka kule nyuma, karibu mwanangu, simama tukusikie.